Jinsi ya kuigundua albamu ya kwanza ya Tracy Chapman: mwongozo kamili kwa anayeijua "Fast Car" tu

Wengi wetu tunamjua Tracy Chapman kwa wimbo mmoja na nusu. Mmoja ni "Fast Car". Nusu ni "Baby Can I Hold You", ambao watu wengi waliusikia kwanza kutoka kwa vijana wa Boyzone mwaka 1997, na hadi leo wapo wasiojua kwamba uliandikwa na dada wa Cleveland, Marekani, aliyekuwa akiimba na gitaa lake barabarani. Nyimbo zote mbili zimo kwenye albamu moja iliyotoka Aprili 1988, na jina lake ni jina la mwimbaji mwenyewe, basi. Ina nyimbo 11 na haizidi sana dakika 36.

Mwongozo huu unakusudia kukutoa kwenye ule wimbo mmoja na nusu na kukuingiza kwenye albamu nzima. Sababu ni moja: albamu hii imepangwa, na mpangilio wake una maana. Kuna nyimbo humu ambazo ukizisikia peke yake ni za mapenzi matamu, lakini ukizisikia baada ya wimbo uliowekwa kabla yake zinageuka kuwa kitu kingine kabisa. Orodha za nyimbo mchanganyiko haziwezi kukuonyesha hilo.

Muziki wenyewe huitwa foku-roki: mtunzi anaimba maneno yake mwenyewe, gitaa kavu liko mbele, na besi, ngoma na gitaa la umeme vinaingia kusaidia tu. Kama sikio lako limelelewa na Bongo Fleva au rumba, mwanzoni utahisi kuna kitu kimepungua. Vumilia nyimbo mbili za kwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha umeipata albamu yenyewe

Ukiandika jina lake kwenye Spotify, Boomplay, Apple Music au YouTube, utaletewa vitu vingi kwa mpigo. Kuna "Collection" ya 2001 na "Greatest Hits" ya 2015, na zote mbili ni mikusanyo ya nyimbo kutoka albamu tofauti. Ziache kwa sasa. Unayoitafuta ina jalada la rangi ya kahawia lenye picha ya Tracy ameinamisha uso, kazi ya mpiga picha Matt Mahurin. Imeandikwa 1988, lebo ni Elektra, inaanza na "Talkin' bout a Revolution" na kuishia na "For You".

Kipimo cha haraka ni muda wa "Fast Car". Kwenye albamu unakaribia dakika tano kamili. Ukikuta unaisha mapema zaidi ya hapo, umepewa toleo lililokatwa kwa ajili ya redio, na huenda faili zako zimechanganywa kutoka sehemu mbalimbali.

Kuhusu bando, hesabu ni rahisi. Dakika 36 kwa ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde ni kama MB 26. Kwa kilobiti 160 ni kama MB 43, na kwa 320 ni kama MB 86. Pakua mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi kisha sikiliza bila intaneti. Ukiisikiliza kupitia video za YouTube utachoma bando bure kwa ajili ya picha moja ya jalada isiyosogea.

Wenye mashine ya santuri wana bahati, kwa sababu toleo jipya lilitoka mwaka 2025, likiitwa toleo la miaka 35 ya albamu, na Tracy mwenyewe alilisimamia pamoja na mtayarishaji wake wa awali. Kaseti za zamani bado unaweza kuziokota kwa wauza mitumba, lakini angalia kama ni ya kiwandani au ya kurekodiwa mtaani. Wenye vibanda vya kurekodi walikuwa na tabia ya kujaza nafasi iliyobaki kwa nyimbo za msanii mwingine, na humu hilo linaharibu kabisa namna albamu inavyoisha.

Hatua ya 2: Rekebisha simu kabla ya kubonyeza

Zima uchezaji wa kubahatisha. Hili halina mjadala.

Zima pia ule mpangilio unaounganisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa unaofuata. Kwa muziki wa sherehe unafaa, lakini humu kuna wimbo usio na ala hata moja, na sekunde chache za kimya baada yake ni sehemu ya kazi. Ukiacha simu iunganishe, gitaa la wimbo unaofuata litapanda juu ya maneno ya mwisho.

Kisha rudisha ikwalaiza kwenye usawa. Spika nyingi tunazouziwa siku hizi zimeongezwa besi kiwandani, na sauti ya Tracy ni ya chini, iko nzito kuliko ya waimbaji wengi wa kike. Ukiongeza besi unaifukia. Hedifoni za bei ya kawaida zinatosha. Spika ndogo ya bluetooth ni chaguo la mwisho, maana utapoteza sauti ya kidole kikisugua waya, na humo ndimo uhai wa albamu hii ulipo.

Hatua ya 3: Jua machache kuhusu alikotoka

Usisome sana kabla ya kusikiliza. Haya yanatosha.

Tracy alizaliwa Cleveland, Ohio, tarehe 30 Machi 1964, akalelewa na mama yake. Alianza kupiga gitaa akiwa na miaka minane. Utoto wake uliangukia kipindi ambacho mahakama iliamuru shule za Cleveland ziache kutenganisha watoto weusi na weupe, na mji ulijaa chuki. Baadaye alipata ufadhili wa masomo kupitia mpango wa A Better Chance, akapelekwa Wooster School, shule binafsi huko Connecticut. "Talkin' bout a Revolution" ni wa enzi hizo za sekondari. Ukisikia wimbo una haraka ya kijana anayeamini mambo yatabadilika kesho asubuhi, ni kwa sababu aliyeuandika alikuwa kijana kweli.

Akaenda Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston, akasoma anthropolojia na kuhitimu 1987. Huko alikuwa akiimba barabarani Harvard Square. Mwanafunzi mwenzake, Brian Koppelman, alimsikia na kumwambia baba yake, Charles Koppelman, aliyekuwa mtu mkubwa kwenye biashara ya uchapishaji wa muziki. Brian ameshasimulia hadharani jinsi alivyochukua nakala ya rekodi yake kutoka redio ya wanafunzi ya chuo, WMFO, ili baba asikie. Tracy hakuwa na pupa. Alimaliza shule kwanza.

Elektra walipomsaini, kazi ilipewa David Kershenbaum, mtayarishaji aliyewahi kufanya albamu ya "Diamonds & Rust" na mwimbaji wa foku Joan Baez mwaka 1975. Walirekodi Hollywood, studio ya Powertrax. Hebu kumbuka 1988 redio zilikuwa zinapiga nini: sinthesaiza, ngoma za mashine zenye mwangwi wa ukumbi mzima, nywele ndefu. Katikati ya hayo anatokea dada mwenye gitaa kavu, na mtayarishaji anaamua kumwacha mbele huku kila mtu akicheza taratibu nyuma yake. Nadhani uamuzi huo ndio umeifanya albamu isichakae, kwa sababu hakuna mlio wa mtindo wa mwaka fulani wa kuifichua umri.

Kilichoilipua kilikuwa ajali. Tarehe 11 Juni 1988 kulikuwa na tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, akiwa bado kifungoni, kwenye uwanja wa Wembley, London, likirushwa kwa televisheni katika nchi zaidi ya 60. Tracy alikuwa ameshaimba mapema mchana. Jioni, Stevie Wonder alipokaribia kupanda jukwaani, ikagundulika kwamba kifaa kilichohifadhi sauti za sinthesaiza yake hakionekani, naye akaondoka. Pengo lile lilihitaji mtu asiyehitaji mitambo. Tracy akarudishwa na gitaa lake na kipaza sauti, akaimba "Fast Car". Wiki chache baadaye wimbo ulifika nafasi ya 6 Marekani, na mwishoni mwa Agosti albamu ilikuwa namba moja huko. Vuli ya mwaka huohuo alizunguka dunia na ziara ya Amnesty International pamoja na Bruce Springsteen, Sting, Peter Gabriel na Youssou N'Dour, na ziara hiyo ilipita Harare na Abidjan mwezi Oktoba.

Hatua ya 4: Sikiliza upande wa kwanza bila kusimama

Albamu ilitengenezwa kwa ajili ya santuri na kaseti, kwa hiyo ina pande mbili. Wa kwanza ni nyimbo tano, kama dakika 16. Tafuta dakika 16 ambazo hakuna atakayekuita. Usifuatilie maneno kwenye kioo bado.

"Talkin' bout a Revolution" ndio mlango. Unazungumzia foleni za Marekani ya Ronald Reagan: watu wanaopanga mstari kusubiri posho ya serikali, wanaosubiri ajira, wanaobisha hodi kwenye mashirika ya misaada. Zingatia kwamba anayeimba hapigi kelele. Mapinduzi yenyewe yanaelezwa kama mnong'ono, na sauti inapanda pole pole tu.

Kisha "Fast Car", na hapa kaa kidogo.

Wengi wanaukumbuka kama wimbo wa mapenzi na safari. Fuata hadithi yake. Msimulizi ni binti ambaye baba yake ni mlevi, mama amechoka akaondoka, na yeye ameacha shule ili amtunze mzee. Ana mpenzi mwenye gari. Wanaondoka mjini, wanaishi makazi ya wasio na nyumba, yeye anapata kazi ya kaunta dukani, wanategemea siku moja watahamia nyumba nzuri. Miaka inapita. Mwanamume hana kazi, anakaa baa na marafiki kuliko anavyokaa na watoto wake. Yule binti amekimbia nyumba ya mlevi na kuingia nyumba ya mlevi mwingine, na sasa yeye ndiye anayelipa kila kitu. Mwishoni anamwambia mwenzake achukue gari lake aende.

Sasa sikiliza ala zinavyosimulia hayohayo. Katika beti unasikia gitaa likirudiarudia mdundo uleule, duara lisilofika popote. Ngoma zinajitokeza kwa nguvu kwenye kiitikio tu, pale msimulizi anapokumbuka usiku mmoja wakiwa kwenye gari, taa za mji mbele yao, mkono begani. Kiitikio kile ni kumbukumbu, na maneno yake hayabadiliki. Kinachobadilika ni wewe unayesikia: mara ya kwanza ni furaha, mara ya pili ni tumaini, mara ya tatu ni kitu alichokuwa nacho mara moja tu maishani. Nyimbo chache za redio zimewahi kutumia kiitikio kwa ustadi huo.

"Across the Lines" unakutoa chumbani na kukupeleka mtaani. Reli inagawa mji, weupe upande huu, weusi upande ule. Mtoto msichana anadhuriwa, magazeti yanaandika, hasira zinawaka, watu wanakufa. Ukijua habari za Cleveland ya utoto wake, huhitaji ufafanuzi zaidi.

Halafu ala zote zinanyamaza.

"Behind the Wall" ni sauti yake tu, chini ya dakika mbili. Jirani anasikia mwanamke akipigwa upande wa pili wa ukuta. Anasema hakuna faida kupiga simu polisi. Polisi huchelewa, kama wakija, na wakifika wanasema hawawezi kuingilia mambo ya mume na mke. Kila aliyewahi kuishi nyumba za kupanga zenye ukuta mwembamba Temeke au Kayole anaijua hali hii bila kutafsiriwa. Hakuna gitaa kwa sababu hakuna pa kujificha, na wewe msikilizaji umewekwa nafasi ya jirani: unasikia kila kitu na huna la kufanya.

Sasa acha kimya kipite, na sikiliza kinachofuata. Ni "Baby Can I Hold You", ule wimbo wa harusini. Mtu anaimba kuhusu mpenzi ambaye hawezi kutamka neno la kuomba radhi, miaka inakwenda na neno halitoki. Ukitoka moja kwa moja kwenye ule ukuta, utajiuliza ni radhi ya nini hasa. Wimbo hausemi. Sidai kwamba Tracy alikusudia nyimbo hizi mbili ziwe za mwanamke mmoja, lakini aliyezipanga jirani hivyo alijua anachofanya. Hapo ndipo utaelewa kwa nini nilikuambia uzime uchezaji wa kubahatisha.

Simama hapo. Kunywa chai.

Hatua ya 5: Upande wa pili, kwa masikio mapya

Nyimbo sita, kama dakika 20. Upande huu hauna wimbo uliotikisa dunia, na wengi hawajawahi kuufikisha mwisho. Ndio maana ugunduzi wa kweli uko huku.

"Mountains o' Things" unafungua na ngoma za mikono. Mpigaji wa ala hizo ndogondogo kwenye albamu ni Paulinho da Costa, Mbrazili ambaye mkono wake umo pia kwenye "Thriller" ya Michael Jackson. Msimulizi anaota utajiri: gari kubwa, wafanyakazi wa ndani, kulala bila wasiwasi. Utadhani anawasuta matajiri, lakini sikiliza vizuri, anayeota ni yeye mwenyewe, na anajua kwamba ndoto hiyo inajengwa juu ya migongo ya watu. Hajitoi. Kwangu huu ndio wimbo uliopuuzwa kuliko wote humu.

"She's Got Her Ticket" una mwendo wa rege na unahusu msichana anayeondoka asitazame nyuma. Sipendi sana ulivyopangwa. Ndio wimbo pekee ambapo bendi inamzidi mwimbaji, na wapenzi wa rege halisi watauona mwepesi. Upe nafasi moja, ukikushinda endelea.

"Why?" ni maswali matupu, dakika mbili hivi. Kwa nini watoto wanakufa njaa ilhali chakula kipo, kwa nini mwanamke hana usalama ndani ya nyumba yake. Umeona? Ule ukuta wa upande wa kwanza umerudi. Kuna swali pia kuhusu makombora yanayopewa jina la walinda amani. Hakulitunga: Marekani ilikuwa na kombora la nyuklia lililoitwa Peacekeeper, lililoanza kuwekwa tayari mwaka 1986.

"For My Lover" na "If Not Now..." zinarudi kwenye mapenzi, lakini mapenzi ya gharama. Katika wa kwanza msimulizi amekaa jela kwa ajili ya mpenzi wake na watu wote wanamwona mjinga. Wa pili ni wito wa kutosubiri.

Na mwisho "For You". Gitaa na sauti, hakuna kingine. Mtu ambaye kwa nyimbo kumi amepata maneno ya njaa, rangi, polisi na ukosefu wa kazi, sasa anakiri kwamba mbele ya anayempenda maneno yamemtoroka. Albamu iliyoanza na umati inaishia na mtu mmoja aliyeshindwa kusema. Ukiisikia baada ya nyingine zote, utajua kwa nini nililalamika kuhusu wenye kaseti waliojaza nafasi iliyobaki.

Hatua ya 6: Rudi na maneno mkononi

Sasa, siku nyingine, fungua maneno. Programu nyingi za muziki huyaonyesha wimbo ukiendelea. Tatizo lake ni kwamba mstari unapita na kukimbia, na huu si muziki wa kukimbizana. Afadhali uyatafute yameandikwa yote, usome wimbo mmoja kama unavyosoma shairi, kisha ndipo usikilize.

Kiingereza chake si kigumu. Anatumia maneno ya kila siku, sentensi fupi, na karibu hana mafumbo. Kinachoweza kukukwamisha ni taasisi za Marekani anazozitaja, kama posho za ustawi wa jamii, Salvation Army (Jeshi la Wokovu, shirika la Kikristo la misaada) na makazi ya wasio na pa kulala. Ukielewa hizo tatu umeelewa uchumi wa upande wa kwanza.

Kama unasikiliza na mtu asiyefuata Kiingereza, mama mzazi tuseme, msimulie hadithi ya "Fast Car" kabla ya kuupiga. Usimtafsirie mstari kwa mstari wimbo ukiendelea, utaharibu vyote viwili. Hadithi ya mwanamke anayelisha nyumba huku mume yuko kilabuni haihitaji kamusi.

Hatua ya 7: Fuata ala moja kila mara

Mara ya tatu, acha maneno. Chagua besi. Anayeicheza ni Larry Klein, ambaye wakati huo alikuwa mume wa mwimbaji na mtunzi Joni Mitchell na mpiga besi wake. Mara nyingi utasikia kile ambacho hakuchagua kukicheza: noti moja, kisha nafasi. Mara nyingine fuata ngoma za Denny Fongheiser na uandike zinaingia wapi. Utagundua kwamba karibu kila zinapoingia, kuna jambo limebadilika kwenye hadithi.

Kwa masikio ya kwetu, zoezi zuri ni kusikiliza pia "Masanga" ya Jean-Bosco Mwenda, iliyorekodiwa na mtafiti wa muziki wa Afrika Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Kongo. Ni Kiswahili, ni gitaa kavu, na ni vidole vya mtu mmoja vinavyofanya kazi ya watu wawili: kidole gumba kinashika besi, vingine vinapiga kiini cha wimbo. Mwenda ni fundi zaidi kwa mbali. Tracy haoneshi vidole, anashikilia mdundo ili hadithi ipite juu yake. Ukisikiliza wote wawili usiku mmoja, utaanza kusikia gitaa kavu kwa namna nyingine.

Hatua ya 8: Kama una gitaa, lishike

"Fast Car" unapigika na mtu aliyejifunza miezi michache. Weka kapo freti ya pili. Maumbo ya kodi ni C meja ya saba, G, E mainor na D, yanazunguka hivyohivyo wimbo mzima. Usikwaruze nyuzi zote. Donoa kwa vidole, gumba kwenye waya mnene, na kwenye mabadiliko piga waya kisha angusha kidole cha mkono wa kushoto ili noti ya pili itoke bila kupigwa tena. Anza taratibu sana. Kosa la kawaida ni kukimbia, kwa sababu mkono ukishazoea duara lile unataka kwenda nalo.

"Talkin' bout a Revolution" ni G, C, E mainor na D, kwa kukwaruza, na unafaa zaidi kwa anayeanza kabisa.

Hatua ya 9: Sikiliza waliourudia, kwa tahadhari

Boyzone nimeshawataja. "Fast Car" imepigwa kwa mtindo wa klabu na Jonas Blue akimshirikisha Dakota. Inachezeka, lakini inaondoa tofauti kati ya beti na kiitikio ambayo ndiyo moyo wa wimbo. Mwaka 2023 mwimbaji wa kantri Luke Combs aliurudia karibu bila kubadili kitu, hata lile neno la msimulizi kuwa msichana wa kaunta aliliacha lilivyo, ukafika nafasi ya 2 Marekani. Novemba mwaka huo Tracy akapewa tuzo ya Wimbo wa Mwaka ya chama cha muziki wa kantri, CMA, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, miaka 35 baada ya kuutoa. Tafuta video ya Grammy ya tarehe 4 Februari 2024 wakiimba wote wawili. Mtazame Combs zaidi kuliko Tracy: midomo yake inafuata kila neno hata zamu isipokuwa yake.

Tracy hagawi nyimbo zake ovyo. Nicki Minaj alipotumia sehemu ya "Baby Can I Hold You" bila idhini, kesi iliisha mwaka 2021 kwa malipo ya dola 450,000. Wasanii wetu wanaopenda kuchukua sampuli wakumbuke hilo.

Hatua ya 10: Uende wapi baada ya hapa

Usiende moja kwa moja kwenye mkusanyo. Kama kilichokushika ni sauti ya chini na gitaa, rudi nyuma hadi "Joan Armatrading" ya 1976, albamu ya mwanamke mweusi aliyezaliwa Saint Kitts na kukulia Birmingham, Uingereza, aliyefungua njia hiyo mapema. Kama ni siasa ndiyo iliyokushika, endelea na "Crossroads", ya pili ya Tracy, ya 1989, yenye "Freedom Now" kwa ajili ya Mandela. Ni albamu ngumu zaidi na wengi huichoka. Mimi ningeruka hadi "New Beginning" ya 1995, ambako ndiko uliko "Give Me One Reason", bluzi ya kawaida ya vipimo kumi na viwili iliyofika nafasi ya 3 Marekani. Ana albamu nane za studio kwa jumla, ya mwisho ni "Our Bright Future" ya 2008, kwa hiyo huna haja ya haraka: moja kwa mwezi, na utakuwa umemaliza kabla mwaka haujaisha.